Bidon ya Kasiksi na Kichwa cha Mukwe

Wasomaji, wiki iliyopita niliwaacha pale kwa uwanja wa Bagira, nimesimama na viatu vya mupira mukononi, Papa Floribert ananipita bila kunisalimia. Wiki nzima watu wananisimamisha njiani: “Anaclet, ule muzee alikukasirikia nini?”

Heri angekasirika! Mutu mwenye kasirani unamuomba pardon, anakupiga kofi, mambo yanaisha. Ya kwangu haikuwa ya kofi.

Wale wanaofungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, karibuni, muingie katika mateso yangu. Mimi ni Anaclet, kapiteni wa Radi, timu ya rugby hapa Bukavu. Nacheza deuxième ligne, ni kusema safu ya pili, sisi wenye kusukuma. Mbele yangu, katikati kabisa, anakaa Papa Floribert, fundi wa kujenga kule Cimpunda. Ndiye talonneur wetu, ule anayevuta balle, ule mupira, kwa muguu wakati timu mbili zimegonganisha vichwa, ile tunaita mêlée. Na Fabiola, musichana ninayemupenda kuliko pumzi yangu, ni mutoto wa kaka yake. Kaka alikufa zamani, Papa Floribert akamulea Fabiola. Yeye ndiye baba, hakuna mwingine.

Sasa kuna mutu moja wa Katana alianza kuzunguka pale nyumbani na gari yake nyeupe. Nikaogopa. Nikatuma wazee wangu haraka wapeleke bidon ya kasiksi, dumu nzima ya pombe yetu ya ndizi, wamuombe Fabiola.

Lakini sikieni hatari yenyewe. Kwetu, siku baba wa musichana anakunywa ile pombe, wewe umekuwa mukwe wake. Na mukwe hamugusi baba mukwe. Humukumbatii, hukai kwa kitanda yake, hata jina lake huliiti. Mimi, ndani ya mêlée, kichwa changu kinaingia wapi? Kati ya paja lake na paja la pilier, ule anayeinama kando yake! Bega langu chini ya matako yake, mukono wangu kwa kiuno chake! Nihame upande wa kushoto, niende upande wa kulia, ni bure, yeye iko katikati.

Basi tukapatana, mimi na yeye, wanaume wawili. Bidon itafungwa, itakaa chini ya kitanda, hataigusa mpaka mechi ya kwanza ya saison, ya huu musimu, ipite. Mechi yenyewe ni na Goma, hapa kwetu. Anayeshinda anaenda kucheza Kinshasa. Anayeshindwa anabaki kuangalia ziwa mwaka muzima.

Ndiyo maana alinipita bila kunisalimia.

Alikuwa ameshakunywa.

*

“Papa Floribert!” nilimuita. “Kuna nini?”

Akaziba masikio. Muzee mukubwa vile, shingo yake haiingii katika shati yoyote ya soko, anaziba masikio kama mutoto anayeogopa radi.

“Usiniite jina,” akasema, macho kwa majani. “Usiniite tena jina, mutoto wangu. Nilikunywa.”

“Ulikunywa nini?”

“Ile.”

Nikakaa chini pale pale kwa matope.

“Juu ya nini, papa? Juu ya nini? Si tulipatana?”

“Wageni,” akasema. “Walitoka Mumosho, wakubwa wa familia. Hawajakaa vizuri, moja anainua pua: ‘Kumbe uko na kasiksi, unatuficha?’ Ningesema nini? Muke wangu Eulalie akaitoa. Akamimina. Wote wakaniangalia mimi kwanza.”

“Ungekataa!”

“Nikatae?” Hapo ndipo aliniangalia, akasahau kama mimi ni mukwe. “Hapa Bukavu? Mwenye nyumba anamiminia wageni pombe, yeye mwenyewe anakataa kuonja? Wangesema ni karuho! Wangesema nimewatilia sumu! Kabla jua halijazama jina langu lingekuwa limefika Bunyakiri.”

Hapa kwetu hata mama yako mzazi anaonja kwanza ndipo anakupa kikombe. Ningekuwa mugeni pale, mimi mwenyewe nisingekunywa.

“Lakini ulikunywa kidogo tu?” nikauliza. Mutu akizama anashika hata majani.

“Kidogo,” akasema. Kisha akasugua shingo. “Halafu ikakuwa tamu.”

*

Coach Didier alikuja anapiga filimbi, hajui kitu. Didier alizaliwa Kinshasa, mambo yetu ya bukwe, ya kuoa na kuolewa, hayajui kabisa.

“Mêlée! Kila mutu mahali yake!”

Papa Floribert akatupa mikono juu ya mabega ya mapilier, Abedi kushoto, mwingine kulia. Wakainama. Mimi nikabaki nimesimama.

“Anaclet, ingia.”

“Siwezi, coach.”

“Likambo nini? Mugongo?”

“Hapana. Ni baba mukwe.”

Nikamueleza. Wenzangu waliposikia, walishika vichwa. Wale wanaotoka kwetu waliangalia pembeni kwa haya, kama wamenikuta bila nguo. Didier alicheka, akadhani ni mizaha. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akakaa juu ya balle.

“Ngoja. Tuangalie nguvu yetu iko wapi,” akasema, akaanza kuchora na kijiti kwa udongo. “Maailier wetu, wale wa pembeni, wanakimbia sawa watu walioiba simu ya mutu, lakini balle haitulii mukononi mwao. Ouvreur, mupiga mipira wetu, ana muguu wa dhahabu na roho ya kuku. Ule wa nyuma kabisa anaona mbali vizuri, adui akifika karibu anafunga macho. Ni uongo?”

Haikuwa uongo.

“Tuko na kitu kimoja tu, ni mêlée. Kwa mêlée hakuna anayetuweza, hata wale wa Goma na minofu yao yote. Na hiyo mêlée ni Floribert mbele na Anaclet nyuma. Sasa munaniambia wawili hawa hawawezi kugusana?”

“Niweke numéro huit,” nikasema. “Pale mwisho wa mêlée. Pale simugusi.”

“Na mahali yako nani?”

Remplaçant wetu, ule wa kuchukua mahali yangu kwa deuxième ligne, alikwenda kutafuta maisha Bunyakiri, simu yake haipatikani.

“Floribert aende pilier, uende upande mwingine?” Didier akajijibu mwenyewe. “Na balle nani atavuta? Abedi?”

Abedi ni mutu wa Uvira, mupole, mapaja sawa magogo. “Coach, mimi miguu yangu ni ya kusimama tu,” akasema.

Akabaki Steve. Steve alitoka basket mwaka huu. Ni murefu sana, lakini Mungu alimunyoosha akasahau kumujaza. Didier akamuonesha namna ya kuinama, pa kuweka bega, pa kushika. Steve akasema oui, oui, oui.

Wakaingia. Didier akaita: “Sukuma!”

Mêlée ikaanguka. Nilisikia sauti, kitu kama ukuni mubichi unavunjwa, na Abedi akalia. Hakulia kama mutu anayelalamika. Alilia kama mutoto. Wote tulibaki pale, hakuna aliyethubutu kumugusa. Niliona vidole vyake vinacheza kwa majani, nikasema aksanti Mungu, anachezesha vidole.

Alisimama polepole, ameshika shingo mikono miwili.

“Coach,” akasema, “kama ni huyu nyuma yangu dimanche, siku ya mechi, mimi narudi Uvira. Niko na mama.”

Steve alikuwa analia kuliko Abedi mwenyewe. Papa Floribert alitema matope, akaniangalia, akakumbuka, akageuza macho.

Didier akanivuta pembeni. “Anaclet, siwezi kuvunja watu shingo. Uingie wewe, ama niwaandikie Goma wasipande bateau kuvuka ziwa, tumeshindwa. Unanisikia? Kinshasa inakwisha hapa, kwa sababu ya bidon.”

“Coach, ni desturi.”

“Desturi yenu itafutie dawa. Uko na mpaka samedi, siku moja mbele ya mechi.”

*

Shetani gani alinipa akili niliyopata njiani, simujui. Lakini aliniingia nikipanda kule Cimpunda, na nilipofika kwa mulango wa Papa Floribert nilikuwa hata natabasamu.

Maman Eulalie, bibi yake, alinipokea. Baba mukwe aliposikia sauti yangu akakimbilia nyuma ya rideau. Nilikuwa naona vidole vya miguu yake chini ya kitambaa.

“Maman, mwambie Papa wa Lucie niko na wazo.” Lucie ni mutoto wao wa kwanza, ndilo jina nililoruhusiwa.

“Papa wa Lucie, mukwe anasema iko na wazo.”

“Mwambie aseme,” rideau ikajibu.

“Pombe irudi kwetu,” nikasema. “Kwa hii dimanche tu! Bidon ikirudi, mimi si mukwe tena, naweza kuingia mêlée. Mechi ikiisha, kesho yake, lundi asubuhi, tunaileta tena, Papa wa Lucie anakunywa, kila kitu kinaendelea mahali kilikuwa.”

Maman Eulalie hakulipeleka hilo neno. Aliweka mukono kwa mudomo.

“Anaclet, unajua unasema nini?”

“Ni ya kuazima tu, maman.”

Chini ya rideau, vidole vya miguu vikajikunja. Kisha baba mukwe akasema mwenyewe, bila kupitia kwa bibi yake:

“Shingo ya Abedi iko gisi gani?”

“Inamuuma. Hawezi kugeuka.”

“Ni mimi niko kando yake. Ingekuwa shingo yangu.” Rideau ikatikisika. “Na Kinshasa nimeingojea tangu sijaoa. Saison ijayo miguu hii haitakuwapo. Pombe itarudi.”

“Papa wa Lucie!” Maman Eulalie akapiga kelele.

“Nimesema itarudi!”

Nilishuka ile njia nikiimba. Niliimba, wasomaji, mujinga mimi! Nilikuwa nimefikiria kila mutu. Abedi nilimufikiria, Didier nilimufikiria, hata wale wa Goma na bateau yao.

Fabiola sikumuuliza.

*

Samedi mchana nilikuwa kwetu, napaka mafuta viatu. Shangazi yangu, Tantine Cibalonza, alikuwa amekaa kwa mulango anachambua maharagi. Ndiye mukubwa wa familia yetu. Akisema kitu cha bukwe, hata wanaume wanakaa chini.

Nikaona sahani ya maharagi inaanguka.

“Usitoke!” akanipigia kelele. “Anaclet, baki ndani! Usimuguse!”

Nilitoka. Fabiola alikuwa amesimama kwenye lango, bidon ya manjano ya Maman Eulalie juu ya kichwa, imejazwa upya mpaka kwa kifuniko. Alishuka na kupanda nayo kutoka kwao mpaka kwetu, na ile milima munaijua. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, hakulipangusa.

“Tantine, ni ya kuazima tu,” nikaanza. “Lundi inarudi…”

“Inarudi wapi?” Tantine akasimama kati yetu. “Nani alikudanganya? Bidon ikirudi, nyumba ile imekukataa, na nyumba iliyokukataa haipokei tena pombe yako. Tangu nizaliwe sijaona pombe ya mukwe inaazimwa! Unafikiri ni kiti cha matanga?”

Nikaweka chini kiatu nilichokuwa nacho mukononi.

“Lakini bado,” Tantine akashusha sauti. “Bado iko kwa kichwa chake. Tusipoipokea, haijarudi. Acha asimame. Achoke, aende nayo kwao. Usimutue, Anaclet. Usimutue!”

Fabiola hakumuangalia Tantine. Aliniangalia mimi.

“Papa anasema ni wewe uliomba. Ni kweli?”

“Fabi, ni kwa sababu ya mechi, Steve alianguka na Abedi…”

“Nauliza ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Basi nitue,” akasema. “Shingo inaniuma.”

Niliiona ile shingo. Mishipa ilikuwa imesimama, inatetemeka. Nikafikiria shingo ya Abedi. Nikafikiria Didier na kijiti chake kwa udongo. Nikafikiria Kinshasa, mimi ambaye sijapanda ndege hata siku moja. Nikajidanganya: siwezi kumuacha na muzigo kichwani, nitakuwa mutu wa aina gani?

Nikanyoosha mikono, nikamutua.

Tantine Cibalonza alilia kilio cha matanga. Majirani wakatoka mbio kuuliza nani amekufa.

Fabiola alipangusa uso na kona ya kikwembe. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

“Aksanti,” akasema. “Ule wa Katana alitaka kuja dimanche na wazee wake. Mimi nilikuwa nimemwambia asije.”

Akashuka. Hakugeuka hata mara moja. Nikamuita mpaka sauti ikakauka, nikapiga simu yake mpaka ikazimwa. Bidon ilibaki pale kwa mulango wetu, na hakuna mutu wa nyumba yetu aliyetaka kupita karibu nayo.

*

Dimanche, Didier alitoa timu. Numéro deux, Floribert. Numéro quatre, Anaclet. Steve, remplaçant. Wenzangu walipiga makofi, wakanipiga mugongoni. Nikainama kufunga viatu vilivyokuwa vimeshafungwa.

Papa Floribert akanijia mukono mbele, akaniangalia macho kwa macho.

“Anaclet! Leo wewe ni mutu tu. Unaweza kuniita.”

“Floribert,” nikasema. Nililisema nikiangalia majani.

Watu walijaa kwenye mulima juu ya uwanja. Wale wa Goma walikuwa wanene kweli, mabega yao yanafunika jua. Mechi ilianza, na haijapita muda wakaangusha balle mbele. Arbitre akapiga filimbi: mêlée, balle ni yetu. Watu wetu wakapiga kelele, wanajua hapa ndipo tunapoishi.

Abedi alikuwa amefungwa bandi kwa shingo, jasho linamutoka kabla ya kazi. Papa Floribert akatupa mikono juu ya mapilier.

“Leta kichwa, Anaclet!”

Nikapiga goti. Kichwa changu kilikuwa karibu kabisa na mapaja yao, nilikuwa nasikia harufu ya matope na mafuta ya kujipaka. Ndipo nikasikia kelele za juu ya mulima zimebadilika.

Fabiola alikuwa anashuka. Bidon ya manjano juu ya kichwa, mugongo wima, watu wanampisha. Nyuma yake Tantine Cibalonza, viatu mukononi, anapumua kwa shida, anamuita, Fabiola hasikii.

Alifika kwa laini ya uwanja, ile iliyochorwa na majivu. Akaitua bidon mwenyewe, polepole, juu ya laini.

“Papa!” akaita. “Hii hapa. Wanasema iliyorudi hainywewi tena, mimi nimeileta. Kunywa mbele ya watu wote, ama niiache hapa niende. Ile gari nyeupe iko pale juu, na mimi nimechoka kubebwa na kurudishwa.”

“Madame, utoke uwanjani,” arbitre akasema.

“Siko uwanjani. Niko kwa laini.”

Arbitre akaangalia majivu, akaona ni kweli.

Papa Floribert hakuachilia mapilier. Alibaki ameinama vile, kichwa chini, akaniangalia kupitia katikati ya miguu yake mwenyewe. Uso ulikuwa mwekundu wa damu. Na machozi, wasomaji, yalikuwa yanashuka kwenda kwenye paji la uso.

“Anaclet,” akasema. “Nikikunywa, unatoka. Nisipokunywa, unaingia. Nilikulea wewe kwa mupira, nilimulea huyu kwa uji. Mimi nimeshindwa kuchagua. Sema wewe.”

“Anaclet, kota!” Didier alikuwa anapiga kelele pembeni, “ingia, ingia!”

“Kapiteni, shingo yangu,” Abedi akasema chini chini. “Tafazali.”

Kwenye banc ya maremplaçant nilimuona Steve anavua tricot yake ya juu, anajiandaa kuingia.

Nikamuangalia Fabiola. Alikuwa amesimama vile vile alivyosimama kwa lango letu, shingo wima, kama muzigo bado uko juu yake. Nikaelewa kwamba ile siku sikumutua. Nilimuondolea bidon, mengine yote nikamuachia.

Nikasimama.

“Kunywa, Papa wa Lucie,” nikasema.

Mulima muzima ulipiga kelele. Didier akatupa filimbi yake kwa majani. Abedi akafunga macho. Papa Floribert akaachilia mapilier, akasimama, na sijawahi kuona mutu anacheka na kulia kwa uso mumoja namna ile.

Mimi nikakimbia mbele yake. Mukwe ndiye anamuinulia baba pombe, niliyajua hayo. Nikaikamata bidon mikono miwili, nikakaza mugongo, nikaivuta kwa nguvu zangu zote za deuxième ligne.

Ikaruka juu kama karatasi. Nikaanguka chali.

Ilikuwa tupu.

“Niliimwanga,” Fabiola akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. “Asubuhi. Nilikuja kwenu ukiwa umeshaondoka, nikamwambia Tantine nataka bidon ya Maman Eulalie. Nikaimwanga yote pale kwa mulango wenu. Nilitaka tu nije nikusikie unachagua balle, ili niende bila kukukumbuka.” Akafunika mudomo, na hapo ndipo alilia. “Sikufikiri utasema vile. Anaclet, sikufikiri!”

Nilikuwa nimelala pale juu ya majivu, timu yangu nyuma, Fabiola mbele, na mikononi sina kitu.

Papa Floribert aliinama, akaokota bidon. Akaitikisa kwa sikio. Akaitikisa tena.

“Uliisukutua?” akamuuliza Fabiola.

“Hapana.”

Akafungua mudomo, akaigeuza bidon kichwa chini. Tulingoja. Wale wa Goma nao wakasogea, wanataka kuona. Akapiga matako ya bidon kwa kiganja. Hakuna kitu. Akapiga tena.

Tone moja likatoka kwa mudomo wa bidon, likaning’inia, likamuangukia kwa ulimi. Akafunga mudomo, akameza.

“Sasa?” arbitre akauliza, maskini, kadi mukononi, hajui ampe nani. “Amekunywa, ama hajakunywa?”

Watu wote wakageuka upande mumoja. Steve alikuwa ameweka muguu moja ndani ya uwanja. Abedi alijaribu kugeuka, shingo ikakataa, akageuka mwili muzima. Hata Didier, mutoto wa Kinshasa, alikuwa anamuangalia Tantine Cibalonza kama watu wanavyoangalia daktari anayetoka chumbani.

Tantine aliweka viatu chini. Akafunga kikwembe chake upya. Akaangalia bidon, akamuangalia Fabiola, kisha mimi pale chini.

“Anaclet,” akasema, “simama kwanza.” Mengine, wasomaji, wiki ijayo.